Uliza hesabu ya chama chako, kuanzia mzani hadi mkutano mkuu

Sikiliza watu wanavyozungumza nje ya ghala la chama msimu wa korosho, iwe Newala, Tandahimba au Nachingwea. "Wametukata." "Hawajatulipa." "Chama chao hicho." Mtu amelipa kiingilio, amenunua hisa, kilo zake ndizo zinazolipa mshahara wa karani na posho ya mjumbe wa bodi, lakini anakizungumzia chama chake kama mpangaji anavyomzungumzia mwenye nyumba.

Mimi ni mwanachama wa chama cha msingi cha mazao, AMCOS kama tunavyoiita, na kwa kipindi kimoja nilikaa kwenye bodi. Nimeona pande zote mbili za meza. Fedha nyingi za chama hupotea mchana, mbele ya watu, kilo moja hapa na karatasi moja pale, kwa sababu mwenye haki ya kuuliza alinyamaza, au aliuliza akiwa hana kitu mkononi cha kuonyesha. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu karatasi zaidi ya hotuba: ipi uombe, wapi, lini, na uisome vipi.

Mfano wangu ni korosho na mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mazao yanakusanywa ghalani kwa stakabadhi kisha yanauzwa kwa mnada, uliotumika kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008. Mwenye kahawa Moshi au pamba Shinyanga atayakuta mengi ya haya kwake, kwa majina tofauti kidogo.

Hatua ya 1: Hakikisha umo kwenye daftari

Kuuza kupitia chama hakukufanyi mwanachama. Wapo waliouza miaka mingi bila jina lao kuwemo kwenye daftari la wanachama, wakaja kujua siku ya kupiga kura walipoambiwa wakae pembeni. Nenda ofisini kabla msimu haujaanza, wakati makarani hawana foleni, uombe kuonyeshwa mstari wako: namba ya uanachama, tarehe uliyoingia, kiingilio, hisa ulizolipia, na jina la mrithi uliyemwandika. Kama hisa hazijakamilika, uliza zimebaki ngapi na upange kuzimaliza.

Hapa wanawake ndio wanaoumia. Anayepalilia mikorosho ni mama, anayeokota na kuanika ni mama, lakini jina kwenye daftari na akaunti ya benki ni vya baba. Baba akifariki katikati ya msimu, mjane anajikuta hana kura, na malipo yako kwenye akaunti ambayo haifunguki mpaka mirathi iishe. Uanachama ni wa mtu, hauko kwa kaya. Mama mwenye shamba lake, au sehemu yake ya shamba, ajiandikishe kwa jina lake na akaunti yake. Na sehemu ya mrithi isiachwe wazi hata kwa kijana wa miaka 25.

Ukiwa hapohapo omba nakala ya masharti ya chama. Wakikuambia ipo moja tu, ya ofisi, ipige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Masharti yamesajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na juu yake ipo Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Usijilazimishe kusoma yote kwa siku moja. Tafuta kwanza mambo haya: taarifa ya mkutano inatolewa siku ngapi kabla, akidi ni wanachama wangapi, wanachama wangapi wakijiorodhesha wanaweza kudai mkutano mkuu maalumu, kiongozi anakaa madarakani muda gani, na mambo gani bodi haiwezi kuyaamua bila mkutano mkuu. Yaandike nyuma ya daftari lako. Utayahitaji.

Hatua ya 2: Simama kwenye mzani

Ushirika wa pamba nchini mwetu Tanzania ulijengwa juu ya ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa kilo kwenye vituo vya kununulia, wakaanza kuchanga fedha na kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Katika vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliolisuka, vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika. Wale wazee walijua kwamba aliyepoteza kitu kwenye mzani hawezi kukirudisha mahali pengine popote. Ubaya ni kwamba leo mzani ni wetu, karani ni wetu, na kwa hiyo tumeacha kuuangalia.

Uangalie hivi. Kwanza tafuta stika ya Wakala wa Vipimo na usome mwaka wake. Stika ya msimu uliopita haikusaidii. Pili, hakikisha mzani uko mahali tambarare na unasoma sifuri kabla ya gunia la kwanza kupanda. Tatu, pima kitu ambacho uzito wake unajulikana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha kabisa, na dukani hautakosekana wa kuazima. Mzani ukisoma 48, simamisha upimaji kwa adabu na muite mwenyekiti. Kwa wajumbe wa bodi wanaosoma haya: fanyeni jambo hili wenyewe kila asubuhi, mbele ya wakulima, kabla hamjaombwa. Linachukua dakika mbili na linaondoa nusu ya minong'ono ya msimu mzima.

Nne, uliza uzito wa gunia tupu unaokatwa ni kiasi gani, na kama ni uleule kwa kila mtu. Tano, angalia makombo. Gunia linasoma kilo 81.6, karani anaandika 81. Gramu 600 ni kitu kidogo kwako wewe mwenye magunia manne, ila chama kinapokea maelfu ya magunia, na makombo ya maelfu ya magunia yanakuwa mzigo mzima ambao hauna mwenyewe kwenye vitabu. Mzigo usio na mwenyewe hupatiwa mwenyewe. Huandikiwa stakabadhi kwa jina la mtu, na mtu huyo hulipwa.

Kisha stakabadhi yako. Isome kabla hujaondoka dirishani: tarehe, namba, jina lako lilivyo benki, kilo, daraja, sahihi ya karani na namba ya akaunti. Piga picha. Mama yangu alipeleka magunia sita msimu mmoja, stakabadhi ikaliwa na panya pamoja na kanga iliyokuwa imeifunga, na chama kikasema kilo zake hazionekani. Hatukuwa na picha wala namba. Tulihangaika miezi, tukaambulia kupewa pole. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna karatasi ya chama inayolala bila kupigwa picha na kutumwa kwenye simu ya mtu wa pili.

Na usiazime akaunti yako. Mnunuzi wa kangomba atakuja na maneno matamu: amenunua korosho za watu huko vitongojini kwa bei ya kutupa, sasa anataka zipite kwa jina lako na atakupa kidogo. Ukikubali umemsaidia kumnyonya jirani yako, na umejaza daftari la chama kilo zisizo na shamba. Siku ukihoji kilo hewa za mwingine, watakuonyesha zako.

Hatua ya 3: Linganisha kilo za kijijini na kilo za ghala kuu

Hili ndilo swali linaloogopwa kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote kwa sababu ni hesabu ya kutoa tu. Korosho hupimwa mara mbili: mara ya kwanza chamani, mara ya pili kwenye ghala kuu ambako chama hupewa stakabadhi ya ghala. Mnada unauza kilo za ghala, lakini mkulima anadai kilo za chama. Tofauti kati ya hizo mbili lazima ilipwe na mtu.

Tuseme stakabadhi zote za wakulima zinajumlisha kilo 182,400. Stakabadhi za ghala kuu zinasema 180,650. Zimepungua kilo 1,750. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, ni shilingi 5,250,000. Viongozi watasema ni unyaufu, na wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa maana korosho ambayo haikuanikwa ikakauka sawasawa hupungua uzito. Lakini unyaufu una tabia zake. Unaongezeka kadiri mzigo unavyokaa, unaonekana kwenye mizigo mibichi zaidi, na haufanani na wizi wa gunia zima. Kwa hiyo uliza kwa kila safari ya lori: ilipakia kilo ngapi, ilishusha kilo ngapi, ilikaa njiani siku ngapi, dereva nani, nani alisindikiza. Lori likipungua kilo 80 au 160 kamili, hilo ni gunia moja au mawili. Jua halikaushi kwa hesabu ya magunia.

Usisubiri mkutano mkuu kwa jambo hili. Bodi ibandike kwenye ubao wa ofisi, baada ya kila shehena, mistari minne: tarehe, kilo zilizopakiwa, kilo zilizopokelewa, tofauti. Nilipokuwa kwenye bodi tulibishana vikao viwili kabla ya kukubali kubandika. Waliopinga walisema wakulima hawataelewa. Siku ya kwanza tu bibi mmoja asiyejua kusoma alimleta mjukuu wake amsomee, akamwita mwenyekiti na kumuuliza, "Mwanangu, lori la Jumanne limefanyaje?"

Hatua ya 4: Fuata kila shilingi iliyokatwa

Baada ya mnada unasikia bei moja redioni na kupokea nyingine benki. Katikati yake yapo makato: ushuru wa halmashauri, sehemu ya chama kikuu (muungano wa vyama vya msingi), sehemu ya chama chako, usafirishaji, gharama za ghala, na mengine kulingana na msimu. Mengi ni halali. Kazi yako ni kudai mchanganuo ulioandikwa, na kwa kila mstari kuuliza maswali matatu: fedha hii inakwenda kwa nani, inalipia kazi gani, na nani aliidhinisha, lini?

Kwa mfano wetu, mnada ukiwa 3,000 na wewe ukapokea 2,690, makato ni shilingi 310 kwa kilo. Zidisha kwa kilo 180,650: ni zaidi ya shilingi milioni 56 kutoka chama kimoja cha msingi kwa msimu mmoja. Mtu akikuambia "ni mia tatu tu", mfanyie hesabu hiyo mbele yake.

Sehemu inayobaki kwenye chama chako ndiyo ya kuishika zaidi, kwa kuwa hiyo mnaiamua wenyewe. Kama mkutano mkuu ulipitisha shilingi fulani kwa kilo za kuendeshea ofisi, na kilo zikaongezeka kuliko makisio, basi fedha imezidi. Imekwenda wapi? Ama ipo benki, ama imetumika, ama itarudi kwa wakulima kama malipo ya pili. Hakuna jibu la nne.

Andika pia tarehe. Tarehe ya mnada, tarehe mnunuzi alipolipa, tarehe fedha ilipoingia akaunti ya chama, tarehe ilipoingia yako. Malipo yakichelewa, tarehe hizi nne zinaonyesha zimelala kwa nani. Bila hizo utamlaumu karani wako kwa kosa la mnunuzi, au utamlaumu mnunuzi wakati fedha iko kwenye akaunti ya kijijini kwenu wiki ya pili sasa.

Hatua ya 5: Jua nani anapaswa kujibu nini

Mkutano mkuu ndio wenye chama. Unapitisha makisio, unachagua na kuondoa bodi, unapokea taarifa ya ukaguzi, unaamua mgawanyo wa ziada, unaweka ukomo wa madeni. Bodi inasimamia kwa niaba yenu na inaajiri meneja. Meneja na makarani wanatenda kazi za kila siku. Ukimuuliza karani kwa nini makato yamepanda, umemuonea, mwulize mwenyekiti. Ukimuuliza mwenyekiti kwa nini stakabadhi yako ina kosa la tarakimu, umempotezea muda.

Kwenye fedha tafuta mikono mitatu tofauti: anayeidhinisha malipo, anayelipa, na anayeandika kwenye daftari la fedha. Mikono hiyo ikiwa ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, chama kinamweka kwenye majaribu na hakina njia ya kumtetea akisingiziwa. Hundi na hati za malipo ziwe na watia saini zaidi ya mmoja, na asiwepo anayesaini hundi tupu eti kwa sababu anasafiri.

Halafu kuna undugu. Lori linalokodiwa kila msimu ni la shemeji ya mjumbe. Ghala linalopangishwa ni la mwenyekiti. Huenda bei ni nzuri kweli. Lakini mjumbe mwenye maslahi anatakiwa atamke hivyo kikaoni, atoke nje wakati wa kuamua, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Omba kuona ukurasa huo. Kijijini wote ni ndugu, na ndiyo maana karatasi inahitajika zaidi kijijini kuliko mjini.

Hatua ya 6: Soma taarifa ya ukaguzi kabla haijasomwa kwako

Hesabu za chama zinatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Vyama vingi vya ushirika nchini hukaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mkaguzi hutoa hati: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, au anakataa kabisa kutoa maoni kwa sababu vitabu havisomeki. Watu wengi huuliza tu "tumepata hati gani?" na kupiga makofi. Hati inayoridhisha inasema kwamba vitabu vinaonyesha hali ya chama ilivyo, na hali hiyo inaweza kuwa mbaya.

Nenda moja kwa moja kwenye hoja za ukaguzi, yale mambo ambayo mkaguzi ameandika yarekebishwe. Soma na za mwaka uliotangulia. Hoja ikijirudia miaka miwili kwa maneno yaleyale, umepata swali lako la kwanza la mkutano.

Kisha tafuta namba chache. Wadaiwa: ni nani wanaodaiwa na chama, tangu lini, na wajumbe wa bodi wamo? Masurufu ambayo hayajarejeshwa: mtu alipewa fedha ya safari, akaenda au hakwenda, risiti hazikuja. Fedha taslimu iliyokutwa ofisini siku ya ukaguzi, ikilinganishwa na kiwango ambacho masharti yanaruhusu kulala ofisini. Posho za vikao, zikilinganishwa na makisio mliyopitisha. Mali: pikipiki ya chama, mizani, maturubai, je, vipo na vinaonekana? Usihangaike na mizania nzima kama si taaluma yako. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani atakusaidia kwa jioni moja.

Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika baada ya malalamiko ya wakulima kuzidi. Moja ya kasoro zilizoonekana ilikuwa kwamba wanachama hawakuwa na elimu na taarifa za kutosha kuvisimamia vyama vyao. Leo Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa kielektroniki wa kusimamia vyama, MUVU, na hilo ni jambo jema. Ila mfumo unapokea kile kilichoingizwa. Anayejua kama kilo 400 za jina fulani zilitoka kwenye shamba lenye mikorosho sita ni jirani yake.

Hatua ya 7: Ingia mkutano mkuu ukiwa umejiandaa

Omba taarifa ya fedha na ajenda siku ambazo masharti yanataka, si asubuhi ya mkutano. Kaa na wenzako wanne au watano barazani jioni ya kuamkia siku hiyo, mgawane maswali. Mtu mmoja akiuliza maswali kumi ataitwa mpinzani. Watu watano wakiuliza mawili mawili ni mkutano unaojadili.

Angalia mpangilio wa siku. Hila ya zamani ni kuanza na risala, wageni, nasaha, salamu za wadau, kisha taarifa ya fedha inasomwa saa kumi jioni watu wana njaa na wanangoja nauli zao. Mkutano unapoombwa kupitisha ajenda, nyoosha mkono: "Ndugu mwenyekiti, naomba kutoa hoja, taarifa ya fedha na ya ukaguzi zije mara baada ya yatokanayo." Akipatikana wa kuunga mkono, wanachama wataamua. Sehemu ya yatokanayo nayo isirukwe. Hapo ndipo ahadi za mwaka jana hutolewa hesabu. Na jambo la fedha lisikubaliwe kuingizwa kwenye mengineyo.

Uliza swali fupi, la namba, ukiwa na karatasi mkononi. Swali la "kwa nini mnatuibia?" linampa kiongozi nafasi ya kukasirika badala ya kujibu. Linganisha na hili: "Shikamoo mzee mwenyekiti. Ukurasa wa nne unasema usafirishaji umegharimu milioni tisa. Makisio tuliyopitisha yalikuwa milioni sita. Naomba ufafanuzi wa milioni tatu zilizozidi, na kikao gani kiliidhinisha." Mtoto wa miaka 20 anaweza kumuuliza hivyo mzee wa miaka 70 bila kumvunjia heshima. Akijibu, mwombe mwandishi wa kikao aandike swali na jibu. Akisema atafuatilia, uliza: lini, na nani? Nalo liandikwe.

Kipengele cha ukomo wa madeni ndicho ninachokuomba ukikalie macho. Kila mwaka mkutano mkuu huweka kiwango cha juu cha mkopo ambao chama kinaweza kuchukua, nacho hupelekwa kwa Mrajis kuidhinishwa. Mara nyingi hupita kwa dakika moja, mikono juu, tuendelee. Nimekaa kwenye kikao ambacho tulipitisha namba hiyo bila mtu hata mmoja kuuliza ya nini, na mimi nikiwa mmoja wa walionyoosha mkono. Msimu uliofuata mkopo wa pembejeo ulirejeshwa kwa kukatwa kwenye malipo ya wakulima, wakiwemo ambao hawakupata hata mfuko mmoja wa salfa ya kupulizia mikorosho. Waliokuja kunililia nyumbani walikuwa na haki, na sikuwa na la kuwaambia. Kwa hiyo uliza: mkopo ni wa nini, kutoka benki gani, riba ngapi, dhamana ni nini, orodha ya wanaonufaika iko wapi, na asiyechukua atakatwa?

Uchaguzi ni mfupi kuueleza. Kura iwe ya siri, akidi ihesabiwe kwa kusoma daftari badala ya kukadiria kwa macho, na mgombea aulizwe mbele ya watu kama anadaiwa na chama. Mpe kura anayeweza kukuonyesha kitabu. Ukarimu wa mtu wiki ya uchaguzi una mlipaji, na mlipaji huyo utamkuta kwenye Hatua ya 4.

Hatua ya 8: Usipojibiwa, andika

Mdomo hauna nakala. Anza na barua kwa mwenyekiti wa bodi: tukio, tarehe, kiasi, unachoomba, na siku unayotarajia jibu. Usiweke matusi wala tuhuma usiyoweza kuionyesha. Andika "kilo 1,750 hazijaelezwa", usiandike "mmekula kilo 1,750". Wakisaini wanachama wengi ni bora zaidi, kila mmoja na namba yake ya uanachama.

Siku ikipita kimya, nakala na barua mpya ziende kwa Afisa Ushirika wa wilaya, kisha kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Mrajis ana mamlaka ya kuagiza ukaguzi na uchunguzi wa chama. Kama idadi inayotakiwa na masharti imefikiwa, daini pia mkutano mkuu maalumu; ile namba uliyoandika nyuma ya daftari lako ndiyo saa yake sasa. Penye dalili za rushwa au wizi, peleka TAKUKURU au polisi, ukiwa na nakala zilezile.

Watakuita mchochezi. Watakuja wazee kukuomba uyamalize nyumbani. Wapokee, wape chai, waonyeshe karatasi, uwaombe wakusaidie kupata jibu la swali moja lililoandikwa pale. Wengi wao ni wanachama pia, na kilo zao zimo.

Kila barua ifanye nakala mbili. Moja iache masjala, ya pili mwombe karani aigonge muhuri wa kupokelewa, aandike tarehe na jina lake. Akisema muhuri umefungiwa kabatini, kaa kwenye benchi mpaka ufunguliwe.